Yule jaji wa picha za treni leo kanivuruga! Eti yangu ni "picha nzuri ya nguzo"!!

Wakuu habari za jioni, ingawa mimi hapa sina jioni, nimevimba, chai imepoa mezani nimeshindwa hata kuigusa. Mnamjua namuongelea nani, simtaji, kila grupu la picha za treni yumo, yeye ndo admini, yeye ndo jaji, yeye ndo anachagua picha ya mwezi, na kila mwezi ukiisha mshindi ni shemeji yake.

Sasa mada ya safari hii ilikuwa treni mbili ndani ya fremu moja. Nikaweka ile yangu, mchongoko (ile treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa) unapita juu darajani, chini yake treni ya Pugu, watu wamejaa mpaka mlangoni, dizeli inatema moshi, jua la asubuhi limepiga usoni kwenye ile pua ya mchongoko, magurudumu yote yanaonekana, na kuna mama dirishani kashika mfuko wa maandazi unauona kabisa mafuta yametoka kwenye karatasi. Hizo reli mbili hata upana haufanani, ya chini ni mita moja tangu enzi za Mjerumani, ya juu ni milimita 1,435, moja inakimbia na nyingine inajikokota, halafu uzikamate zote kwa pamoja, kuna watu wamezeeka wakisubiria hiyo kitu.

Jamaa kaja. Hajasalimia. Kazumu, kachora duara jekundu kwenye nguzo ya waya wa umeme, akaandika mbele ya wanagrupu wote: "Hongera, umepiga picha nzuri ya nguzo, naona na treni imepita hapo nyuma." Tatu kwa kumi. Na emoji ya kucheka.

Picha ya nguzo!! Jamani ile ni treni ya umeme, waya una volti 25,000, nguzo zimepangwa kuanzia Dar mpaka Dodoma hazijaacha pengo, mnataka nisimame wapi, Mafia? Ukiiona SGR bila nguzo ujue imepaki kwenye ndoto yako.

Na mshindi sasa. Shemeji. Mchongoko unakuja, nyuma anga la machungwa machweo matupu, na waya HAKUNA. Nguzo HAKUNA. Kazifuta zote na akili mnemba, ile mikono ya juu inayoshika waya imenyooka inashika hewa, treni inakwenda kwa maombi. Halafu vivuli vya nguzo kavisahau vimelala palepale kwenye kokoto, tena vinaelekea upande wa jua! Jua liko nyuma ya treni na kivuli kinalifuata jua. Tisa na nusu kwa kumi, jaji anasema "anga limetulia sana".

Mimi nakubali kuambiwa picha imepinda, nakubali kuambiwa behewa la mwisho limekatika, hayo ndo mambo ya kuhukumu picha ya treni. Ule mchongoko ukiachia 160 kwa saa ni mita 44 kila sekunde, ukipepesa jicho umebaki na reli, kwa hiyo aliyeikamata kweli na aliyeipika kwenye simu hawawezi kukaa meza moja. Lakini mtu anaacha mama wa maandazi, anaacha moshi, anaacha treni mbili nzima, anachora duara kwenye NGUZO. Na shangazi yangu yumo kwenye lile grupu kasoma yote kanipigia simu ananipa pole. Pole ya nguzo!

---

Mla Vumbi: Weka picha tuione mkuu, usituletee maneno matupu.

Mleta uzi: Nimeweka hapo chini, zumu kulia uone maandazi.

Mla Vumbi: Nimezumu. Nguzo ni nzuri aisee, ina namba kabisa nimeisoma.

Mleta uzi: Wewe ndo yeye umekuja na ID nyingine.

Binti Gerezani: 😂😂 Kaka usikasirike lakini nguzo imeota katikati ya uso wa treni.

Mleta uzi: Dada angalia vizuri, imekata behewa la tatu, uso upo wazi! Na hata ingekata, mwenzangu KAFUTA WAYA WOTE mnalionaje hilo mnanyamaza?

Mzee wa Mlimba: Nyie wa SGR mnadekezwa mpaka mnalia kwa kupewa tatu. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nani kaishawahi kuipa hata tano? Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, watu wamepasua milima kuanzia 1970 mpaka 1975, kipande cha Mlimba kwenda Makambako ni handaki, daraja, handaki, daraja, na nguzo za waya hakuna hata moja maana ni dizeli. Nimelala porini nikaipata inatoka handakini alfajiri na ukungu, yule yule mnayemsema akaniandikia "treni imechakaa". Anahukumu rangi ya behewa, picha haijui.

Mleta uzi: Mzee umeona sasa!! Huyo huyo!!

Msee wa Syokimau: Wabongo mnalilia nguzo, sisi huku SGR ni dizeli tangu 2017, hakuna waya, na bado watu wanaharibu. Kila mtu anasimama kule Nairobi National Park anangoja twiga apite chini ya daraja, lile daraja lilijengwa juu ndio wanyama wapite. Twiga akikataa kuja wanamuweka. Nimeona moja twiga amezidi daraja kwa urefu, jaji wetu akasema mandhari iko poa.

Mla Vumbi: Twiga wa Kenya kala nini

Babu Mvuke: Zote hizo takataka. Picha ya treni ni mvuke. Nendeni makumbusho ya reli Nairobi mkamuone 5918, Mount Gelai, injini ya mvuke aina ya Garratt toka kiwanda cha Beyer Peacock Manchester, ukisimama kwenye gurudumu lake ndo utajua treni ni nini. Hizi za siku hizi zina sura ya pasi.

Binti Gerezani: Mzee hiyo imepaki, hata mtoto wa chekechea anapiga.

Babu Mvuke: Umeme ukikatika na mchongoko wenu unapaki.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, kuna vivuli pale vinafuata jua.

Kigogo wa Pugu Kajiungeni: Bora wewe umepewa tatu. Mimi stesheni moja hivi mlinzi kanikamata na simu, kanifutisha picha zote, kafuta za treni kaendelea mpaka za ubatizo wa mwanangu. Namwambia afande huyo ni padri, anasema futa.

Mzee wa Mlimba: Hata mimi nilikamatwa, nikaambiwa napeleleza daraja. Daraja lipo toka sijaoa.

Msee wa Syokimau: Huku kwetu wanakuuliza kibali, ukiuliza kinatoka ofisi gani wanaanza kuangaliana.

Binti Gerezani: Mnaonikera mimi ni nyie wa kupiga kupitia dirishani, picha nzima ni simu yako na vidole vyako kwenye kioo, unaandika "Morogoro inapendeza".

Mla Vumbi: Dada hiyo umenilenga mimi.

Mleta uzi: JAMANI NGUZO

Kigogo wa Pugu Kajiungeni: Hivi treni ya Kigoma siku hizi inaondoka siku gani? Bi mkubwa kaagiza migebuka.

Babu Mvuke: Ukipata na dagaa niwekee kilo mbili, nitakutumia kwa simu.