Bashir aliangushwa na wananchi au na jeshi? Mliokuwepo Sudan 2019 mtujuze

Kibatari
Wakuu, tumebishana kijiweni hadi kahawa imepoa. Mmoja anasema Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan, aling'olewa na wananchi, mwingine anasema yalikuwa mapinduzi ya jeshi kama mengine, raia walitumika tu. Mtu yuko madarakani tangu 1989, ana jeshi, ana usalama wa taifa, ana wanamgambo. Bei ya mkate inamtoaje mtu kama huyo?

MzeeWaKigamboni
Jeshi, basi. Tarehe 11 Aprili aliyetokea kwenye televisheni kutangaza ni Ibn Auf, waziri wa ulinzi. Au ulimwona mwanafunzi pale?

Sharifu_Ukonga
Mzee wangu shikamoo, ila hapo umeruka hatua. Nilikuwa nasoma Khartoum kipindi hicho, tulikuwa Watanzania wengi tu.

Mkate ulikuwa cheche. Sudan Kusini ilipojitenga 2011 iliondoka na sehemu kubwa ya mafuta, na kufikia mwisho wa 2018 hata noti zilikuwa adimu: mtu ana pesa benki, mashine haitoi kitu. Desemba 19 kule Atbara, mji wa reli na vyama vya wafanyakazi, mkate ulitoka pauni 1 hadi 3. Wanafunzi wakaingia barabarani, ofisi ya chama tawala ikachomwa. Vyuo vikafungwa, sisi wageni tukabaki hosteli tunahesabu dengu.

Kilichonishangaza ni mpangilio. Madaktari, walimu na wanasheria walikuwa na umoja wao wa wanataaluma, ndio waliotoa ratiba. Mitaani kulikuwa na kamati za vijana wa mtaa husika, wanajuana kwa majina. Maandamano yalianza saa saba mchana. Mtaa umenyamaza kama hakuna kitu, mara mwanamke anapiga kigelegele, watu wanamiminika kutoka kila kichochoro. Mama aliyekuwa akituuzia chai alishajua siku za maandamano, anakusanya vikombe mapema na kututimua: nendeni ndani, nyie watoto wa watu.

Aprili 6 wakaenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi. Tarehe ile haikuokotwa, ndiyo siku Nimeiri, rais mwingine wa kijeshi, alipoanguka 1985. Pale kulikuwa na sanduku la pesa limeandikwa: unacho, weka, huna, chukua. Watu wa usalama walipokuja kufyatua risasi usiku, askari wa vyeo vya chini wakawakinga waandamanaji, na wengine waliuawa kwa hilo. Majenerali walipoona askari wao wenyewe hawatabiriki, ndipo wakamtosa mkubwa wao.

Na huyo Ibn Auf, Mzee, alitangaza watu wasitoke usiku. Hakuna aliyeondoka pale. Kesho yake naye akajiuzulu! Nitajie mapinduzi ya kawaida ambayo kiongozi wake anang'oka ndani ya siku mbili.

Bint_Mvita
Sawa, lakini mbona nchi inawaka hadi leo?

Sharifu_Ukonga
Kwa sababu bunduki zilibaki kwa Burhan, jenerali wa jeshi, na Hemedti, mkuu wa wanamgambo, dada. Juni 3 ile kambi ya waandamanaji ilivamiwa, zaidi ya watu 100 wakauawa na intaneti ikakatwa. Hata hivyo Juni 30 watu walijaa barabarani, wameitana kwa karatasi na kuambizana mlango kwa mlango. Ndipo majenerali wakakubali serikali ya pamoja na raia, Hamdok akawa waziri mkuu. Oktoba 2021 wakaipindua, Aprili 2023 wakageukiana wenyewe.

MzeeWaKigamboni
Marahaba. Basi umenisaidia hoja, mwenye bunduki ndiye aliyebaki.

Sharifu_Ukonga
Kwa 2021 nakupa, Mzee. Kwa Aprili 2019 sikupi. Kibatari, kawaambie wa kijiweni waanzie Atbara, wasianzie kwenye televisheni. Na zile kamati za mitaa hazijafa: vita vilipoanza, wengi wao ndio waliokuwa wakipikia watu kwenye majiko ya pamoja pale Khartoum.