Hifadhi ya mtandao ya filamu na picha nyumbani kwa gharama ndogo: laptopu ya zamani inatosha?

sebuleni

Wakuu, naomba mwongozo. Nataka filamu, muziki na picha za familia zikae sehemu moja, TV 2 na simu za nyumbani zivute kutoka hapo, bila kununua NAS (kifaa cha hifadhi ya mtandao) iliyotengenezwa tayari. Vilivyopo: laptopu yenye Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD ya GB 128, USB 3.0 na tundu la LAN la gigabiti. Diski za nje ni mbili: moja ya inchi 2.5, TB 2, imejaa TB 1.4 na iko kwenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows). Nyingine ya inchi 3.5, TB 4, mpya, ina adapta yake ya umeme.

Nibaki na laptopu au ninunue Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja)? Nifunge diski zote mbili RAID 1, kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili? NTFS iachwe ilivyo? Na kuna hili: kwa sasa laptopu ikirusha video za 4K kwa Wi-Fi, TV inakwama kila baada ya muda. NAS itamaliza hilo?

tundu_la_LAN

Baki na laptopu, mkuu. Pi 4 ni nzuri na inakula umeme kidogo, lakini bandari zake zote za USB kwa pamoja zinatoa ampea 1.2 tu. Diski ya inchi 2.5 wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1 peke yake. Ukichomeka ya pili, unaanza kuona diski inapotea na kurudi, na watu wanalaumu programu wakati tatizo ni umeme.

Sababu ya pili ni chipu ya video. i5 yako ina Quick Sync (sehemu ya chipu inayobadili video), kwa hiyo video za H.264 na HEVC ya biti 8 itazibadili bila processor kutoka jasho. HEVC ya biti 10, yaani karibu 4K zote za HDR, inahitaji kizazi cha 7 kwenda juu. Hizo ziache TV izicheze zenyewe moja kwa moja.

Weka Debian (aina ya Linux) bila mazingira ya dawati. Kwenye usakinishaji chagua seva ya SSH (ya kuingia kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida tu. OpenMediaVault (mfumo wa NAS wenye kurasa za kubofya) si mbaya, ila kwa folda mbili tatu Samba yenyewe (programu ya kushiriki folda kwenye mtandao) inatosha. Kisha fungua `/etc/systemd/logind.conf`, andika `HandleLidSwitch=ignore`, halafu:

`systemctl mask sleep.target suspend.target`

Usipofanya hivyo, ukifunga kifuniko tu seva inalala. Kagua pia betri. Ikiwa imevimba au kibao cha kugusa kimeinuka, itoe kabisa, usiiache kwenye chaja saa 24.

Betri nzima ni faida, lakini ina mtego. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai, ila diski ya TB 4 inazimika kwa sababu inategemea adapta yake. Umeme ukirudi, mara nyingi diski inarudi kwa jina jingine (ilikuwa sdb, sasa sdc) na folda yako inatoa hitilafu za kusoma na kuandika (I/O) mpaka uifanyie `umount` na `mount` upya. UPS ndogo (betri ya akiba) ya kubeba adapta hiyo pamoja na ruta inamaliza jambo.

Mzunguko7200

Upande wa diski. RAID 1 hapana. Kwanza diski hazilingani, utapata TB 2 tu na nyingine 2 zitakaa bure. Pili, RAID juu ya USB ni kujitafutia kazi: muunganisho ukikatika sekunde chache, diski moja inatupwa nje na nakala pacha inaanza kujengwa upya kwa saa nyingi. Tatu, mtoto akifuta folda ya picha, RAID inaifuta kwenye diski zote mbili papo hapo. TB 4 iwe ya kazi, TB 2 iwe ya nakala rudufu. TB 1.4 zako zinaingia na nafasi inabaki.

Kabla ya kuhamisha chochote, pima diski mpya, maana mpya haimaanishi nzima:

`smartctl -d sat -t long /dev/sdb`

Kwa TB 4 tegemea saa kadhaa. Ukimaliza, `smartctl -d sat -a /dev/sdb` na uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, yaani hesabu za sehemu mbovu za diski. Zote ziwe 0. Kama pending si sifuri kwenye diski mpya, irudishe, usibishane nayo.

NTFS usiiache. Windows ikizimwa kwa njia ya haraka, Linux inaikuta kama haijafungwa vizuri na inaweza kukataa kuandika, na matengenezo yake ya kweli yanahitaji chkdsk ya Windows. Tengeneza jedwali la sehemu za diski la GPT (lile la zamani, MBR, linaishia TB 2), kisha uweke ext4, mfumo wa faili wa Linux:

`mkfs.ext4 -m 0 -T largefile -L media /dev/sdb1`

Hiyo `-m 0` ina maana yake. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi wa mfumo). Kwenye TB 4 ni kama GB 200 zilizokaa bila kazi kwenye diski isiyobeba mfumo.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka. Tengeneza folda tupu, ifunge, ndipo uipachike diski juu yake:

`mkdir /srv/media`
`chattr +i /srv/media`

Halafu mstari huu kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachikwa), UUID, yaani namba ya utambulisho ya diski, ukiitoa kwa `blkid`:

`UUID=xxxx /srv/media ext4 noatime,nofail 0 2`

`nofail` inairuhusu laptopu iwake hata diski isipokuwepo. Lakini bila `chattr +i`, siku diski haipo, faili mpya zitaandikwa ndani ya folda ile tupu, yaani kwenye SSD ya GB 128. Inajaa, mfumo unakwama, na diski ikirudi faili hizo hazionekani kwa sababu zimefunikwa. Folda ikifungwa, uandishi unakataliwa na unajua mara moja kuna shida.

Kuhamisha, kwa rsync, programu ya kunakili: `rsync -rtvh --progress /mnt/zamani/ /srv/media/`. Mkwaju wa mwisho kwenye njia ya kwanza usiusahau, la sivyo utapata folda ndani ya folda. Kabla ya kuifuta TB 2 na kuigeuza ext4, rudia rsync ukiongeza `-nc`: inalinganisha yaliyomo bila kunakili. Inachukua muda mrefu. Ivumilie, kwa sababu baada ya kufuta hakuna kurudi.

Nakala rudufu ya kila wiki ni rsync hiyo hiyo kupitia cron (kipanga ratiba cha Linux), bila `--delete`, ili isifute kitu kwenye nakala. Futa ziada kwa mkono mara moja moja. Diski nyingi za inchi 2.5 za siku hizi ni SMR (mistari ya data inapandana), hivyo uandishi mrefu ukishuka hadi makumi machache ya MB kwa sekunde usishtuke. Kwa nakala rudufu inatosha.

waya8

Naongezea mtandao, maana swali la 4K halijajibiwa. Kukwama kwako pengine hakutokani na laptopu. Laptopu ikiwa kwenye Wi-Fi na TV nayo kwenye Wi-Fi, kila pakiti inapita hewani mara 2: laptopu kwenda ruta, ruta kwenda TV. Chomeka laptopu kwa waya na mzigo wa hewani unapungua nusu, hata kabla hujagusa kitu kingine.

Ukishachomeka: `ethtool enp3s0 | grep Speed` (jina la kadi utalipata kwa `ip a`). Ikisema 100Mb/s wakati ruta ni ya gigabiti, shuku waya. Gigabiti inatumia nyuzi zote 8, ya 100 inatumia 4 tu, kwa hiyo uzi mmoja ukilegea kwenye kichwa cha RJ45 mtandao unaendelea kufanya kazi kimyakimya kwa kasi ya chini. Gigabiti nzima inakupa kama MB 110 kwa sekunde, ile ya 100 inaishia 11 au 12.

Kichekesho ni kwamba TV nyingi, hata za 4K, zina tundu la LAN la megabiti 100. Video ya UHD Blu-ray isiyobanwa upya inaweza kufika megabiti 128 kwa sekunde kwenye vilele, hivyo TV ya waya itakwama mahali ambapo Wi-Fi ya GHz 5 iliyo karibu na ruta inapita. Jaribu zote mbili.

Samba, kiasi hiki kinatosha:

`[media]`
`path = /srv/media`
`valid users = sebule`
`read only = yes`

Mtumiaji lazima awepo kwenye Linux kwanza: `useradd -M -s /usr/sbin/nologin sebule`, kisha `smbpasswd -a sebule`. Kusoma tu ni makusudi: kirusi kikiingia kwenye kompyuta ya mtu, hakiwezi kuzifunga faili zako. Kupakia tumia SFTP (uhamishaji wa faili kupitia SSH) kwa akaunti nyingine.

Kwa TV weka Jellyfin (seva ya kurusha filamu kwa TV), inafunguka kwenye bandari 8096. Mtumiaji `jellyfin` mwingize kwenye kundi la `render`, la sivyo Quick Sync haitaguswa na processor itapanda asilimia 100. Na ukiona filamu ambayo TV inaimudu bado inabadilishwa kodeki, angalia manukuu kwanza. Manukuu ya PGS, ambayo ni picha, mara nyingi yanalazimisha kuchomwa ndani ya video. Tumia SRT, ambayo ni maandishi.

sebuleni

Asanteni sana. Debian imeingia, waya unasoma 1000Mb/s, vile vipimo vya smartctl ni sifuri vyote. Ila rsync inakwenda MB 30 kwa sekunde tu. Ndiyo SMR hiyo?

Mzunguko7200

Hapana. Unasoma kutoka TB 2, na SMR inaumiza kuandika. MB 30 hadi 40 ni harufu ya USB 2.0. Piga `lsusb -t`: diski ikionyesha 480M badala ya 5000M, umechomeka kwenye bandari ya zamani au kebo haijaingia mpaka mwisho. Ikiwa ni 5000M, tazama `dmesg` kama kuna `uas_eh_abort_handler`. Ikiwepo, kiendeshi cha UAS kinagombana na diski, kizime: chukua kitambulisho cha diski kwenye `lsusb`, ongeza `usb-storage.quirks=xxxx:yyyy:u` kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya `/etc/default/grub`, piga `update-grub`, washa upya.

sebuleni

480M. Nimehamisha upande wa pili, sasa 105. Swali la mwisho: nikiwa safarini nikitaka kuona picha, nifungue bandari gani kwenye ruta?

waya8

445 (ya Samba) usiifungue kamwe, wala 8096. WannaCry ya 2017 (kirusi cha kufunga faili) ilisambaa kupitia SMBv1 ya Windows, itifaki ile ile ya kushiriki folda, na wanaozikagua bandari hizo hawajaacha. Weka WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia nyumbani) kwenye laptopu, fungua UDP 51820 pekee, simu iingie kwa ufunguo wake. Ila uliza kwanza kama mtoa huduma wako anakupa anwani ya IP ya umma. Akiwa anatumia CGNAT (wateja wengi kwenye anwani moja), bandari haitafunguka hata ukiibofya mara ngapi kwenye ruta.