MREJESHO: Kijana wangu anayeitwa Mkenya akiwa Moshi na Mtanzania akiwa Siaya

Wapendwa, nimerudi kuwashukuru. Niliomba ushauri kuhusu mwanangu: mimi Mchaga, baba yake Mjaluo wa Siaya, Kenya, na kijana amekulia kwetu Moshi. Shuleni anaitwa Mkenya, akienda kwa baba yake anaitwa Mtanzania, akaanza kuniuliza yeye ni wa wapi hasa.

Ushauri wa kumpeleka akae na bibi yake mzaa baba huko Siaya likizo nzima, bila mimi, ndio uliozaa matunda. Alikwenda ziwani na binamu zake, akaonyeshwa kaburi la babu ambaye yeye kijana amerithi jina lake. Amerudi anautaja ukoo wake bila kusita. Nililia, jamani.

Kijaluo kimegoma. Anaweza kusalimia tu, na wakubwa wakianza mazungumzo anabaki kimya. Hilo linamuuma bado. Utani wa shuleni umepungua baada ya kuongea na mwalimu wa darasa, ila haujaisha.

Aliyenitahadharisha kuhusu uraia, Mungu akubariki. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua kuwa raia kupitia baba yake, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akifikisha miaka 18 itabidi achague. Tumeshakwenda Uhamiaji kuuliza mapema, na wenye watoto kama wangu nawasihi msisubiri mpaka siku ya kujaza fomu za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Baba yake angependa achague Kenya. Mimi nimemwambia uamuzi ni wake.