Naomba ushauri: Bodoni kwenye diwani, kava mpaka kurasa za ndani

Mtunga Kurasa
Wakuu, salaam. Napanga kurasa za diwani ya mashairi na moyo wangu uko kwa fonti ya Bodoni. Mistari ya wima minene, ya mlalo myembamba kabisa, visigino (vile vijistari vya kwenye ncha za herufi) bapa visivyo na mkunjo. Kwenye kava, kwa pointi 60, jina la kitabu linasimama kwa heshima zote. Shida iko ndani. Kwa pointi 10, kijistari cha katikati ya "e" hakionekani na "n" zinaonekana kama zimekatika mabegani. Niiache, au kuna namna?

Risasi Moto
Mkuu, tatizo si Bodoni, ni faili unalotumia. Giambattista Bodoni, aliyeongoza kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma kuanzia 1768, alikuwa na herufi za kila ukubwa zilizochongwa peke yake, na zile ndogo zilipewa mistari myembamba yenye nguvu zaidi. Fonti nyingi za kompyuta zina mchoro mmoja tu, tena wa vichwa vikubwa. Ukiupunguza, wembamba nao unapungua. Tafuta yenye michoro tofauti: ITC Bodoni ina mchoro wa pointi 6, wa 12 na wa 72. Ya bure ni Bodoni Moda, ambayo hurekebisha mistari kulingana na ukubwa.

Bi Wino
Nakubaliana nawe ndugu Risasi, ila mimi ndani nisingeiweka hata hivyo. Kiswahili kina u, n, m na i kwa wingi. Chapa "kuninunulia" kwa Bodoni uitazame: fito za uzio mwanzo mwisho, jicho halina pa kushika. Fonti ya Baskerville ndiyo jirani yake mpole. Tofauti ya unene ipo lakini haipigi kelele, na ukoo unaonekana. Kava Bodoni, ndani Baskerville.

Risasi Moto
Dada, kwa riwaya ningekuunga mkono. Shairi lina mishororo mifupi na weupe mwingi pembeni, na Bodoni mwenyewe alipenda pambizo pana. Mkuu, weka herufi za pointi 11, na pointi 16 kutoka mshororo hadi mshororo, uone.

Mashine Mbili
Ongezeni hili la kiwandani. Usichape mashairi kwa kijivu: mashine hutengeneza kijivu kwa vitone, na mstari mwembamba ukishakuwa vitone umekwisha. Maandishi madogo meupe juu ya weusi nayo hapana, wino unatambaa na kuyaziba. Na usihukumu kwa printa ya mezani. Omba ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile ya kitabu. Karatasi laini hushika mistari hiyo vizuri kuliko yenye vinyweleo.

Mtunga Kurasa
Asanteni sana. Naomba majaribio ya kurasa mbili, Bodoni Moda 11 kwa 16 na Baskerville, shairi lilelile. Bi Wino, namba za kurasa nazo ziwe Baskerville?

Bi Wino
Hapana, hizo ziache Bodoni, ila usizishushe chini ya pointi 9. Namba 2 na 5 zake ni nzuri mno kuzificha.