Naomba ushauri: kozi ya ualimu wa yoga ya saa 200, sababu zangu zinatosha?

NyotaYaJinja
Habari za leo wanajukwaa. Niko Jinja, nafanya yoga mwaka wa tatu sasa, na nafikiria kozi ya ualimu ya saa 200. Kazi ya ofisi siachi. Sababu zangu ni tatu: kuielewa mikao kwa undani, kufundisha jioni kwa Kiswahili, na kupata cheti ili watu waniamini. Je, zinatosha kutoa pesa yote ile? Na nisomee wapi: Kampala, Nairobi, India au mtandaoni?

MzeeWaMkeka
Karibu dada. Naanza na hiyo ya cheti, maana ndiyo inayowapotezea watu pesa. Cheti cha yoga si leseni. Yoga Alliance, shirika la Marekani ambalo jina lake liko kwenye matangazo mengi ya kozi hizi, linatunza orodha ya shule na walimu waliotimiza viwango vyake. Anayekutahini ni shule. Ukimaliza kwenye shule iliyosajiliwa unaweza kujiandikisha kama RYT 200, yaani mwalimu wa yoga aliyesajiliwa wa saa 200, unalipa ada kila mwaka, na kila miaka mitatu unaonyesha saa 45 za kufundisha na saa 30 za kujiendeleza. Hoteli au jimu inaweza kukuuliza karatasi hiyo. Jirani yako wa Jinja anataka kujua kama mgongo wake utapona au utaumia zaidi mikononi mwako.

Kwa hiyo sababu nzito ni ya pili. Kukaa kwenye mkao na kumwelekeza mwingine aukae ni ufundi wa aina mbili tofauti. Chukua kuinama mbele tu. Asiyesomea atasema "shika vidole vya miguu". Mwanafunzi mwenye mapaja magumu atapinda mgongo na kuvuta kwa nguvu, na mzigo wote utaangukia kano za nyuma ya paja pale zinaposhika mfupa wa kukalia. Zikichubuka hapo, maumivu chini ya kalio hukaa miezi, kwa sababu kano hupona polepole kuliko msuli, na kila akikaa kitini anaibana tena. Aliyesomea atasema: "Kunja magoti, sukuma nyonga nyuma, tumbo liguse mapaja, kisha nyoosha magoti kidogo kidogo." Akisikia mtu anaumwa karibu na mfupa, anamwambia aache. Akiumwa katikati ya paja, anampunguzia. Jicho hilo ndilo unalolipia.

FundiWaPumzi
Naongeza kuhusu saa zenyewe. Viwango vya sasa vya Yoga Alliance vinataka angalau saa 75 za mazoezi na mbinu, 30 za maumbile ya mwili na namna unavyofanya kazi, 30 za historia, falsafa na maadili, na 50 za ualimu wenyewe, yaani kupanga somo, kuelekeza, na kufundisha ukiangaliwa. Jumla 185. Zilizobaki shule inapanga yenyewe.

Sasa piga hesabu. Saa 200 kwa siku 25 ni saa 8 kila siku bila kupumzika, na hiyo tayari ni kazi nzito kwa mwili. Ukiona tangazo la siku 10, hizo ni saa 20 kwa siku: ama saa zimeongopwa, ama sehemu kubwa ni video za kutazama peke yako. Kwa wewe wa ofisini, wikendi za saa 16 zitakuchukua wikendi 13. Ni ndefu, lakini katikati ya wiki mwili unapumzika na unapata siku za kumjaribia ndugu yako ulichojifunza.

Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta jina la shule kwenye orodha ya Yoga Alliance wewe mwenyewe, usitosheke na nembo iliyo kwenye bango. Kisha uliza: nitafundisha somo zima mara ngapi huku mwalimu akiniangalia? Wakijibu "mara moja, siku ya mtihani", tafuta pengine.

Kivukoni
Kuhusu mahali. Rishikesh, mji wa India, una shule nyingi za kulala hukohuko, wiki tatu hadi nne. Kutoka Uganda, India itakudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo inahesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanjwe wiki ya safari. Nairobi ni karibu: basi kupitia Busia au Malaba, na Mganda anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Africa Yoga Project iko huko tangu 2007 na imefundisha walimu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mtandaoni kulifunguliwa mwaka 2020 wakati wa korona na bado kupo. Kunafaa kwa falsafa na anatomia. Ila kamera ya simu haionyeshi goti linapolalia ndani, na umeme ukikatika katikati ya mtihani wa kufundisha utaanza upya. Ushauri wangu: Kampala au Nairobi, wikendi, ana kwa ana.

NyotaYaJinja
Asanteni sana. Je, kozi itanifundisha kufundisha kwa Kiswahili? Na nyumbani wananiuliza kama hii si ibada ya dini nyingine.

BintiWaArua
Nyabo, kozi nyingi ni kwa Kiingereza, tafsiri ni kazi yako, na ina mitego. Mkubwa ni huu: "mguu" kwetu ni kuanzia pajani hadi vidoleni, na "mkono" vilevile. Ukisema "geuza mguu wa kulia nje", nusu ya darasa itageuza wayo na nusu itageuza paja zima. Sema wayo, kisigino, goti, paja. Sema kiganja, kiwiko, bega. Usichanganye kiuno na nyonga. Mpangilio wa amri uwe pumzi, kitenzi, kiungo, upande: "Vuta pumzi, inua kiganja cha kulia juu." Amri moja kwa pumzi moja. Na ukiwatazama wanafunzi, wewe inua cha kushoto unaposema kulia, kama kioo. Hilo peke yake linataka wiki kadhaa za mazoezi.

Swali la dini ni la haki, usilipuuze. Yoga imetoka India, falsafa yake imefungamana na dini za huko, na kwenye kozi utasoma maandishi ya Patanjali, mwandishi wa kale wa falsafa ya yoga, na huenda mkaimba Om, sauti takatifu ya dini hizo. Uliza shule mapema kama kuimba ni lazima. Kwenye darasa lako unaweza kutumia majina ya Kiswahili ya mikao na kuacha nyimbo zote, mradi uwaambie watu ukweli kuhusu asili yake wakiuliza.

Jambo jingine: Kiswahili kitakuletea watu wa kila aina, wakiwemo ndugu waliokimbia vita Kongo. Usimguse mtu kabla ya kuuliza. Usimlazimishe kufumba macho wala kulala chali akiupa mlango kisogo. Kozi ya saa 200 inagusa haya juujuu tu, kwa hiyo usijitangaze kuwa unatibu majeraha ya moyo.

MzeeWaMkeka
Umesema kweli. Na tangu somo la kwanza uliza kila mtu: presha, mimba, upasuaji, macho. Mwenye glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, asisimame kichwa chini hata kidogo, maana presha ya jicho hupanda karibu mara mbili kwenye mkao huo.

Vifaa visikutishe. Tofali lililofungwa kitenge linatosha kwa kuegemea, leso inafaa badala ya mkanda. Kitu cha kununua ni mkeka wa mpira, kwa sababu wa ukindu unateleza kwenye saruji na mtu ataanguka kwa kiganja.

NyotaYaJinja
Nimeelewa. Kuna namna ya kujipima kabla sijalipa?

FundiWaPumzi
Ipo. Mwite rafiki asiyejua yoga. Wewe kaa kitini, usimwonyeshe lolote, na kwa maneno tu mtoe kwenye kusimama hadi kwenye mkao wa shujaa wa pili (miguu imepanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa pembeni), pande zote mbili, kwa dakika tano. Rekodi sauti kwa simu. Kisha sikiliza na uhesabu mara ulizosema "hivi", "hapo" au "namna hii". Kila moja ni mahali ambapo hukuwa na neno, au hukujua mwili unapaswa kufanya nini. Andika orodha hiyo uende nayo siku ya kwanza ya kozi. Na kama zoezi lenyewe limekuchosha na hukulipenda, baki mwanafunzi: mwalimu wako wa sasa anaweza kukufundisha mikao kwa undani bila saa 200.