Rami ya watu wawili: kwa nini nakutwa na karata kubwa mkononi?

Mgeni wa Meza

Habari wakuu. Nataka kuijua vizuri rami ya watu wawili, pakiti moja ya karata 52, bila jokeri. Ree (karata ya A) inaungana na mbili tu au hata na mfalme? Nikipata karata tatu zinazoendana, nizishushe hapohapo au nizifiche? Na kubwa zaidi: mwenzangu akimaliza karata zake, kila mara nakutwa na wafalme na malkia, anavuna pointi 40 au 50 kwa mkono mmoja. Dawa ni nini?

Shupaza Saba

Kwanza msingi. Wachezaji wawili hupewa karata kumi kumi, moja moja kwa zamu. (Wakiwa watatu au wanne ni saba saba.) Zinazobaki zinalala kifudifudi katikati, hilo ndilo fungu. Ya juu yake inafunuliwa na kuwekwa kando, na rundo la kutupia linaanzia hapo. Hesabuni karata zenu kabla mtu hajalamba. Mkono wenye kumi na moja ukigundulika mapema mnagawa upya na yanaisha. Ukigundulika katikati ya mchezo ni ugomvi.

Kwenye zamu yako unalamba moja, ya fungu au ya juu ya rundo. Ukitaka unashusha, yaani unalaza mezani karata zako zinazoendana, au unaunganisha, yaani unaongeza karata yako kwenye zilizokwisha kushushwa. Halafu unatupa moja. Uliyoiokota kwenye rundo huruhusiwi kuitupa zamu hiyohiyo.

Kinachoshushwa ni kundi, yaani karata tatu au nne za namba moja, au mfululizo, yaani tatu au zaidi za aina moja (kopa, uru, shupaza au pau) zinazofuatana, mfano nne, tano na sita za shupaza. Karata moja haikai kwenye kundi na mfululizo kwa pamoja. Ree kwa sheria ya kawaida ni ndogo: ree, mbili, tatu ni sawa, malkia, mfalme, ree hapana, mfalme, ree, mbili ndiyo kabisa hapana. Wapo wanaoiruhusu ikae juu ya mfalme, basi kubalianeni kabla ya kuchanga karata.

Hesabu ya pointi za karata unazokutwa nazo: ree ni 1, ghulamu (J), malkia na mfalme ni 10 kila mmoja, nyingine kwa namba yake.

Bi Turufu

Mkuu, hao wenye mataji wachunguze kwa hesabu. Mfalme anaingia kwenye mfululizo mmoja tu wa karata tatu: ghulamu, malkia, mfalme. Saba inaingia kwenye mitatu: tano-sita-saba, sita-saba-nane, saba-nane-tisa. Kwa upande wa makundi wako sawa. Kwa hiyo mfalme ni mgumu kumpatia wenzake, na ukikutwa naye unalipa ghali.

Chukua mfano huu. Una saba ya kopa, nane ya kopa na nane ya uru. Karata nne zinakuokoa: sita ya kopa, tisa ya kopa, nane ya shupaza, nane ya pau. Sasa shika malkia na mfalme wa pau: unamsubiri ghulamu wa pau peke yake, na kama amezikwa kwenye rundo, umekwisha. Hata saba na tisa za kopa zina ugonjwa huohuo, zinangoja nane moja tu.

Karata kubwa isiyo na mwenzake itoe zamu mbili tatu za mwanzo. Jozi ya wafalme ishikilie kidogo, maana wamebaki wawili wa kukukamilishia, lakini mwenzako akishaanza kushusha, ivunje bila huruma. Na akiokota mfalme uliyemtupa, usimtupie wa pili.

Mla Garasa

Kuna jambo halijasemwa, na nadhani ndilo linalomuumiza muulizaji. Kundi ambalo hujalishusha linahesabiwa lote dhidi yako. Wafalme watatu waliopangwa vizuri mkononi ni pointi 30 za mwenzako akimaliza, hata kama ulikuwa unawashusha zamu inayofuata. Kuficha kuna faida moja kubwa: wengi hucheza kwamba anayeshusha mkono mzima kwa mpigo, bila kuwa ameshusha wala kuunganisha chochote kabla, anapata pointi mara mbili. Inavutia, lakini mimi nasema mwenzako akishashusha hata kundi moja, shusha zako kubwa.

Pia acha tamaa ya rundo. Ukilamba kwenye fungu, mwenzako hajui kama umelamba dume (karata nzuri) au garasa (isiyo na faida). Ukiokota tisa ya uru mbele ya macho yake, hutaona tena nane wala kumi ya uru, wala tisa nyingine. Okota pale inapokamilisha kitu tu.

Shupaza Saba

Hapo kwenye kuficha nakupinga kidogo. Mkono wenye karata ndogo unaweza kuufichia hadi mwisho: ree, mbili na tatu za uru zikikutwa ni pointi 6 tu. Tena ukishusha nne, tano na sita za shupaza, mwenzako anaunganisha tatu au saba yake palepale na kujipunguzia mzigo. Kwa karata kubwa nakubaliana nawe.

Mgeni wa Meza

Asanteni sana. Mawili ya mwisho: fungu likiisha inakuwaje? Na kuna mtu kaniambia naruhusiwa kubisha mezani nikibakiwa na pointi 10.

Bi Turufu

Kubisha, yaani kugonga meza ili kumaliza mkono, ni kwa jin rami, mchezo ndugu wa huu. Kule hakuna kushusha wala kuunganisha mpaka mtu abishe, na karata zako zisizoungana zisizidi pointi 10. Msichanganye sheria katika mkono mmoja.

Fungu likiisha, rundo linapinduliwa bila kuchangwa na kuwa fungu jipya. Kwa hiyo aliyekuwa anakumbuka mpangilio wa karata zilizotupwa anajua kinachokuja. Msipolipenda hilo, kubalianeni mapema kuchanga upya.

Mla Garasa

Na mkubaliane pia kama mchezaji lazima atupe karata ya mwisho ndipo awe amemaliza. Ikiwa lazima, usiunganishe zote: baki na moja ya kutupa.