Who, which, that, whose: wewe ulizishikaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wadau, kijana wangu yuko kidato cha pili. Daftari limerudi na kosa jekundu kwenye "The cow who gives milk", mwalimu kaandika "which" pembeni. Dogo ananibana: si ng'ombe ni "ambaye"? Kanuni za vitabuni tunazo. Nataka kusikia ninyi mnaoishi na Kiingereza kila siku mnafanyaje.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro
Huyo kijana ana kichwa, ameangalia upatanisho. Kwetu chochote chenye pumzi kinaingia A-WA, hata mende. Waingereza wanatenga kwingine: mtu ni "who", vingine "which".

Ila linalonimalizia wino ni hili: "The book which I bought it", "The man who I met him". Kila rundo la madaftari limo. Chanzo ni Kiswahili chetu: "kitabu nilichokinunua", "mtu niliyekutana naye". Mtendwa kabaki palepale, kwa hiyo mwanafunzi akiona sentensi haina "it" anahisi imepungua. Huwa nawaandikisha sentensi mbili: "The book was expensive. I bought it." Kata "it" kwa kalamu, andika "which" juu yake, kisha uihamishie karibu na "book": "The book which I bought was expensive." Wakishaikata kwa mkono wao, hawairudishi tena.

Mwongoza watalii, Arusha
Huku porini mambo hayajanyooka hivyo. Simba akishapewa jina na watafiti, wageni wenyewe wanamwita "who". Mbwa wa nyumbani vilevile. Kwenye mtihani dogo aandike "which" asipoteze maksi. Vijana wapya kazini mimi nawaambia washike "that", inabeba wote: "the lion that we saw", "the driver that we hired". Najua mwalimu wa Morogoro atanuna.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro
Sinuni kaka, ni sahihi. Lakini "that" haifuati "in", "with" wala "for". "The house in that he lives" hakuna. Ni "in which".

Mfasiri, Mombasa
Wala haikai vizuri baada ya koma. Na koma ndiyo inayonipa kazi mimi. "The workers who came late were fined": waliochelewa ndio waliotozwa, wengine salama. Tia koma mbili, "The workers, who came late, were fined", basi wote walichelewa na wote wametozwa. Ukiandika "wafanyakazi waliochelewa walitozwa faini" umepata ile ya kwanza tu. Ya pili sharti uivunje: "Wafanyakazi walitozwa faini, maana wote walichelewa." Nililetewa barua ya kazi yenye koma hizo nikapiga simu kuuliza ni akina nani hasa. Wakaziondoa. Fikiria ningetafsiri kimyakimya, watu wangekatwa mishahara bure.

Mstaafu, Tanga
Sisi tuliosali kwa Kiingereza cha Biblia ya King James ya 1611 tulisema "Our Father which art in heaven". Mungu mwenyewe ni "which"! Enzi hizo iliruhusiwa kwa watu. Mjukuu akiandika hivyo leo anakula kosa.

Mwanachuo, Dodoma
Mmesahau "where". Wenzangu wanaandika "Dodoma is a city where has many colleges", kwa kuwa mji ni mahali. Mimi najaribu kwanza na "there". "I study there" inakubali, kwa hiyo "the city where I study". "There has many colleges" haikubali, inataka "it", basi ni "which has".

Mleta mada
Hiyo ya "there" nimeipenda, dogo kaielewa papo hapo. Na "whose" ni ya watu peke yao?

Mwalimu wa sekondari, Morogoro
Hapana, vitu pia: "the house whose roof was blown off" iko sawa kabisa. Asiichanganye tu na "who's", hiyo ni "who is" au "who has".

Mleta mada
Haya, "whom" je?

Mfasiri, Mombasa
Baada ya "to", "with", "for" na ndugu zake, iandike: "the person to whom I spoke". Kwingineko ukisema "who" siku hizi hakuna atakayekushika shati, isipokuwa msahihishaji wa mtihani.

Mwongoza watalii, Arusha
Au sema "the person I spoke to" uende zako.